Mwili imara, akili tulivu: mazoea ya kila siku na namna ya kuyaanza

Anza na saa ya kuamka. Kabla ya viatu vipya, kabla ya kupunguza chakula, kabla ya kujaza programu za mazoezi kwenye simu, chagua saa moja ya kuamka na uishike siku zote saba za wiki. Mtu aliyelala vibaya huamka na njaa kubwa kuliko kawaida, hasa ya vitu vitamu na vya mafuta, huchoka mapema, hukasirika upesi, na ikifika jioni hana nguvu ya zoezi lolote. Ukimwambia mtu huyo atembee zaidi na apange vizuri sahani yake, unamwongezea mzigo. Apate usingizi kwanza, na hayo mengine yatampa taabu kidogo kuliko alivyodhani.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: usingizi, kutembea, nguvu ya misuli, chakula, kisha namna ya kuituliza akili. Usianze yote siku moja. Kila hatua ipe wiki mbili au tatu, na usiingie inayofuata mpaka ya kwanza ifanyike bila kujilazimisha sana.

Usingizi

Mwili una saa yake ya ndani, na vitu viwili ndivyo vinavyoirekebisha zaidi: mwanga unaoingia machoni asubuhi na muda unaoamka. Ukiamka saa kumi na mbili siku za kazi, halafu saa nne siku za mapumziko, mwili haujui tena usiku wake unaanza lini. Ndiyo maana watu wengi hugaagaa kitandani usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kazi. Kuchelewa nusu saa hakuna shida. Ukizidisha saa moja, unaanza kujivuruga.

Ukishachagua saa ya kuamka, hesabu kurudi nyuma. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za kulala usingizi wenyewe, hivyo ongeza nusu saa ya kusinzia na ya kuzindukazinduka usiku. Anayeamka saa kumi na mbili asubuhi awe kitandani saa nne na nusu usiku. Baada ya kuamka, toka nje dakika 10 hadi 20. Mwanga wa nje, hata mawingu yakiwa yametanda, una nguvu mara nyingi kuliko taa ya chumbani. Hatulitambui hilo kwa sababu macho huzoea haraka. Huna haja ya kulitazama jua, na usilitazame. Kuwa nje kunatosha.

Kahawa na chai zina hesabu yake. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini aliyokunywa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kwa mjamzito hukaa muda mrefu zaidi. Kikombe cha saa kumi jioni, nusu yake bado inafanya kazi saa tatu usiku. Wapo wanaosema kahawa haiwazuii kulala, na ni kweli wanasinzia, lakini usingizi wao huwa mwepesi. Acha kafeini ifikapo saa nane mchana. Jaribu kwa wiki mbili kabla ya kusema haikuhusu. Pombe nayo hudanganya kwa namna nyingine: inaleta usingizi haraka, kisha inaukatakata katika nusu ya pili ya usiku.

Ukilala mchana, usizidi dakika 20 au 30, na iwe kabla ya saa tisa alasiri. Ukipita hapo unaamka mzito, na usiku usingizi unachelewa.

Usiku ukikosa usingizi, kosa kubwa ni kubaki kitandani ukilazimisha. Ukihisi zimepita kama dakika 20, toka kitandani, kaa mahali penye mwanga hafifu, fanya jambo lisilokusisimua, urudi macho yakiwa mazito. Rudia hata mara tatu kwa usiku mmoja ikibidi. Ubongo hujifunza kwamba kitanda ni cha nini: ukikesha juu yake ukiwaza madeni, baada ya wiki kadhaa kitanda chenyewe kinakuwa ishara ya kuwaza madeni. Saa ya ukutani igeuze isionekane, maana kuhesabu zimebaki saa ngapi kunazidisha wasiwasi. Na asubuhi amka kwa saa ileile, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Uchovu wa mchana ndio utakaokulaza usiku unaofuata.

Kuna jambo moja dogo linalowasaidia sana wanaolala huku kichwa kimejaa kazi za kesho. Chukua kalamu na karatasi, tumia dakika tano kuandika unayopaswa kufanya siku zijazo, moja moja, kwa ukamilifu. Usiandike "kazi", andika "kumpigia fundi kuhusu bomba, kabla ya saa tano". Utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, uliwalinganisha vijana walioandika mambo ya kufanya na walioandika mambo waliyokwisha kuyafanya. Wa kundi la kwanza walisinzia kama dakika tisa mapema, na kadiri orodha ilivyotaja mambo bayana ndivyo walivyosinzia haraka zaidi.

Wanaofanya kazi za zamu za usiku hawawezi kuyafuata yote haya. Kwao, lililo muhimu ni kulinda kipande kimoja cha usingizi kisichokatwa, chumba chenye giza nene, na miwani ya jua njiani kurudi nyumbani asubuhi, isipokuwa wakiwa wanaendesha chombo huku wanasinzia.

Kutembea

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Dakika 150 ni 30 kwa siku, siku tano. Mwongozo uleule uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipande cha mazoezi kiwe angalau dakika 10. Dakika nne za kupanda ngazi zinahesabika. Dakika sita za kuwahi kituoni nazo zimo.

Neno "wastani" huwapotosha wengi. Kutembea kwa kuzurura ukitazama madirisha ya maduka hakufikii hapo. Kipimo ni mdomo wako: ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, umefika. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, hiyo tayari ni kali. Kipimo cha pili ni kuhesabu hatua kwa sekunde 15. Zikifika 25 unakwenda hatua 100 kwa dakika, na huo ndio mwendo wa wastani kwa watu wazima wengi.

Kuhusu lengo maarufu la hatua 10,000 kwa siku: namba hiyo ilienezwa na tangazo la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960, na wala haikutoka maabara. Uchambuzi wa tafiti 15 uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa walio chini ya miaka 60, faida ya kupunguza hatari ya kifo huacha kuongezeka kwenye hatua 8,000 hadi 10,000 kwa siku, na kwa waliofikisha 60 na kuendelea, kwenye 6,000 hadi 8,000. Anayepata faida kubwa kuliko wote ni yule anayetoka chini kabisa. Kama simu inakuonyesha 3,000, lengo lako la mwezi huu ni 4,000. Kukimbilia 10,000 kesho ndiyo njia ya haraka ya kuumiza unyayo na kuacha kabisa.

Namna ya kuanza: wiki ya kwanza na ya pili, tembea dakika 10 baada ya mlo mmoja kwa siku. Chagua mlo ambao baada yake una nafasi siku zote. Wiki ya tatu, ongeza mlo wa pili. Wiki ya tano, kipande kimoja kifikishe dakika 15 na uharakishe mwendo katikati. Tumeuchagua muda wa baada ya kula kwa makusudi, kwa kuwa misuli ya miguu inapofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu wakati uleule inapopanda, na hata matembezi mafupi hupunguza kupanda huko. Mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa zinazoshusha sukari azungumze kwanza na daktari wake, apime, na awe na kitu chenye sukari mfukoni.

Yanayoharibika hapa ni machache na yanajulikana. Maumivu ya mbele ya mguu, kwenye muundi, huja kwa kuongeza mwendo au umbali ghafla. Rudi nyuma kwa wiki moja kisha ongeza taratibu. Maumivu ya chini ya kisigino, makali zaidi katika hatua za kwanza asubuhi, mara nyingi ni unyayo uliochoshwa na viatu vilivyolegea au vyenye soli iliyokwisha: kikunje kiatu kwa mikono, na kama kinajikunja katikati badala ya kwenye vidole, kimeshapita wakati wake.

Kukaa muda mrefu ni tatizo la peke yake, hata kwa anayefanya mazoezi asubuhi. Simama kila baada ya dakika 30 hadi 60, utembee dakika mbili tatu. Usitegemee kumbukumbu. Kunywa maji kwa glasi ndogo, ili kila ikiisha ulazimike kuinuka.

Nguvu ya misuli

Sehemu hii ndiyo inayorukwa na wengi, hasa wanawake walioambiwa kwamba vyuma ni vya wanaume na wazee walioambiwa wapumzike. Wote wawili ndio wanaoihitaji zaidi. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya 30 kama haitumiwi, na anayeipoteza hujikuta baadaye hawezi kuinuka kitini bila kushika meza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka siku mbili au zaidi kwa wiki. Kwa kuanzia, dakika 20 hadi 25 kila mara zinatosha, na acha kama saa 48 katikati.

Mazoezi matano yanagusa mwili mzima. Kila moja lifanye mara 8 hadi 12, pumzika sekunde 60 hadi 90, kisha rudia. Seti mbili kwa mwezi wa kwanza, tatu baadaye. Acha seti ukihisi ungeweza kuongeza mara mbili tu kwa umbo sahihi, yaani mkao sahihi wa mwili. Hapo umechoka vya kutosha kujenga msuli bila kuharibu umbo.

La kwanza ni kuchuchumaa kwenye kiti. Tafuta kiti kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Simama mbele yake, miguu upana wa mabega, vidole vikiangalia nje kidogo. Sukuma makalio nyuma kwanza, kana kwamba unafunga mlango kwa nyuma, ndipo ukunje magoti. Shuka kwa sekunde tatu, gusa kiti bila kujidondosha, kisha simama ukisukuma ardhi kwa unyayo wote. Angalia mambo mawili: magoti yasiingie ndani, yafuate uelekeo wa vidole, na visigino visinyanyuke. Goti likiuma, inua kiti kwa mto mgumu ili usishuke sana, na kila wiki mbili punguza kimo. Ukiweza mara 12 kwa seti tatu bila shida, kumbatia begi lenye vitabu kifuani.

La pili ni pushapu, na hapa watu huanzia mahali pabaya. Kama huwezi kufanya hata tano sakafuni kwa umbo zuri, usianzie sakafuni, na magoti chini si lazima yawe hatua yako ya kwanza. Anzia ukutani, kisha meza imara, kisha kiti kilichoegemezwa, kisha sakafu. Kadiri mikono inavyokuwa chini ndivyo uzito unavyoongezeka, nawe unashuka ngazi pole pole huku mwili ukibaki mstari mmoja toka kichwani hadi visiginoni. Mikono iwe na upana unaozidi mabega kidogo. Viwiko visitanuke kama msalaba. Vielekee nyuma kwa pembe ya kama digrii 45. Anayevitanua hulalamika maumivu ya mbele ya bega baada ya wiki chache. Kiuno kikianza kuzama, seti imekwisha, hata kama ulipanga kumi na umefika sita.

La tatu ni kuvuta, ambalo mipango mingi ya nyumbani haina kwa sababu halifanyiki bila kifaa. Kifaa chako ni begi la mgongoni lenye kilo tano hivi za vitabu au chupa za maji. Weka mkono mmoja kwenye kiti, inama kutoka kwenye nyonga mgongo ukiwa umenyooka, begi likining'inia kwenye mkono wa pili. Vuta kiwiko kuelekea nyonga, si kuelekea sikio, subiri sekunde moja juu, shusha taratibu. Ukihisi kazi yote iko shingoni, unapandisha bega. Lishushe ndipo uvute. Kwa anayeinamia kompyuta au simu siku nzima, hili ndilo zoezi litakalompunguzia uzito wa shingo na mabega kuliko kujinyoosha kokote.

La nne, lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga chini, inua makalio hadi mapaja na kifua viwe mstari mmoja. Kaza makalio sekunde mbili, shuka. Msuli wa nyuma ya paja ukikamata, nyayo ziko mbali. Zisogeze karibu na makalio. Mgongo wa chini ukiuma, unainuka kupita kiasi.

La tano ni planki: viwiko chini ya mabega, mwili umenyooka, tumbo limekazwa. Sekunde 20 zenye umbo zuri zina thamani kuliko dakika mbili za kiuno kilichozama. Pumua kawaida. Hili la kupumua ni kwa mazoezi yote: kubana pumzi unapoinua kitu huipandisha presha ghafla. Toa pumzi unapofanya kazi ngumu, vuta unaporudi.

Siku moja hadi tatu baada ya mazoezi ya kwanza misuli itauma ukiigusa au ukishuka ngazi. Hayo ni ya kawaida na wiki ya tatu yatakuwa madogo. Maumivu makali ya ghafla, ya ndani ya kiungo, au yanayokuja na uvimbe au ganzi, hayo si ya misuli kuzoea. Acha zoezi hilo utafute ushauri. Aliyefikisha miaka 65 aongeze mazoezi ya kusimama imara siku tatu kwa wiki. Rahisi kuliko yote ni kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza ya kushika, sekunde 10, kisha 20, kisha 30, mguu mmoja baada ya mwingine.

Chakula na maji

Hapa tutakuwa wafupi, kwa sababu mashauri yamezidi kiasi na yenye maana ni machache. Igawe sahani kwa macho: nusu iwe mboga na matunda, robo iwe kunde, mayai, samaki au nyama, na robo iwe nafaka au viazi, nafaka isiyokobolewa ikipatikana. Kosa la kawaida ni robo ya nafaka kumeza nusu ya mboga. Pakua mboga kwanza, zikishakaa nusu ya sahani ndipo vingine vitafute nafasi. Lengo ni angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyojificha kwenye mkate, soseji, mchuzi wa pakiti na vitafunwa. Usiikate ghafla, chakula kitakuchukiza. Punguza robo ya unachotia kwenye sufuria, kaa hapo wiki mbili, kisha punguza tena. Ulimi huzoea ndani ya wiki kadhaa. Chombo cha chumvi kiondoke mezani.

Sukari ya kuongeza, pamoja na ya juisi na asali, isizidi gramu 50 kwa siku kwa anayekula kalori 2,000, na afadhali iwe nusu ya hapo. Kopo moja la soda la mililita 330 huwa na kama gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai. Kuondoa vinywaji vitamu kunaleta tofauti haraka kuliko mabadiliko mengine yote ya chakula, na hakuhitaji kupika tofauti.

Maji: tazama mkojo. Ukiwa wa njano hafifu, unakunywa vya kutosha. Ukiwa mzito wa njano, ongeza. Hakuna haja ya kuhesabu glasi nane. Wenye ugonjwa wa moyo au figo wafuate kiasi walichopewa na daktari.

Kuituliza akili

Msongo una kazi mwilini. Adrenalini hupandisha mapigo ya moyo, kortisoli huongeza sukari kwenye damu, misuli hujikaza, yote ili uweze kupambana au kukimbia. Shida ni pale hali hiyo inapoendelea mchana kutwa kwa sababu ya ujumbe wa bosi, na mwili haupati dakika ya kushuka. Tembezi na nguvu tulizoeleza tayari ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni kuushusha mwili kwa makusudi, na njia ya karibu kuliko zote ni pumzi, kwa sababu moyo hupunguza mapigo kila unapotoa pumzi. Ukirefusha kutoa, unarefusha kipindi hicho.

Kaa mgongo ukiwa umeegemea, mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, mkono wa tumbo usukumwe nje, kifua kisipande sana. Toa kwa pua au kwa midomo iliyobanwa kidogo, ukihesabu hadi sita. Hapo unapata pumzi sita kwa dakika. Endelea dakika tano. Ukisikia kizunguzungu au vidole kufa ganzi, unavuta hewa nyingi mno. Punguza ukubwa wa pumzi, mwendo ubaki uleule. Anayeanza wakati ameshapandwa na hofu huona haifanyi kazi. Jizoeze ukiwa umetulia, mara moja kila siku, ili siku ya hofu mwili uwe umeshaijua njia.

Kwa siku ya hofu yenyewe kuna pumzi ya haraka: vuta kwa pua mpaka karibu kujaa, ongeza mvuto mdogo wa pili juu yake, kisha toa polepole kwa mdomo hadi mapafu yaishe. Mara mbili au tatu zinatosha kupunguza makali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023 utafiti wa watu waliofanya hivyo dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja. Hisia zao ziliboreka kuliko za waliofanya tafakari ya utulivu kwa muda uleule.

Ikiwa msongo wako unakaa mabegani na kwenye taya, jaribu kukaza na kulegeza. Daktari Edmund Jacobson aliianzisha mbinu hii mwanzoni mwa karne ya 20. Ukiwa umelala, kunja vidole vya miguu kwa sekunde tano, viachie kwa sekunde 15 huku ukisikiliza tofauti. Panda: vigimbi vya miguu, mapaja, makalio, tumbo, ngumi, mabega hadi masikioni, uso. Usikaze kwa nguvu zote, nusu yake inatosha, la sivyo kigimbi kitakamata.

Pumzi haitalipa kodi ya nyumba wala haitamwondoa bosi mkali. Kwa hiyo mara moja kwa wiki kaa na karatasi, andika vinavyokukera, na mbele ya kila kimoja andika hatua moja unayoweza kuchukua ndani ya siku saba. Kama hakuna hatua, andika hivyo, "hakuna". Vile vyenye hatua vipangie siku. Vile visivyo na hatua vizungumze na mtu unayemwamini, kwa sauti, si kwa ujumbe. Halafu zima milio ya simu kwa kila kitu isipokuwa simu za kupigiwa na ujumbe wa watu wa karibu, maana kila mlio unakutoa kwenye kazi uliyo nayo hata usipoufungua.

Kuyafanya yabaki

Mwaka 2009, Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya kwa wiki 12. Kwa makadirio yao, zoea lilichukua kati ya siku 18 na 254 kuwa la kujiendea lenyewe, na siku 66 ndiyo namba ya katikati. Kwa hiyo ukifika siku ya 21, ambayo wengi huitaja kuwa ndiyo ya zoea kushika, na bado unajisukuma, hujashindwa. Utafiti huohuo uliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kinachoharibu ni kukosa siku mbili tatu mfululizo, kwa sababu hapo unaanza kujiona mtu aliyekwisha acha.

Funga kila zoea kwenye jambo unalofanya tayari bila kufikiri. "Nitafanya mazoezi jioni" haishiki. "Nikivua viatu vya kazi, navaa vya kutembea kabla ya kukaa" inashika, kwa sababu ina ishara inayoonekana. Kisha jiwekee kiwango cha siku mbaya: dakika tatu za kutembea, kuchuchumaa kwenye kiti mara tano, pumzi sita. Siku ya homa ya mtoto au ya safari, fanya hicho tu na uhesabu kwamba umefanya. Wanaoweka kiwango kimoja tu, kile cha siku nzuri, huanguka wiki ya kwanza yenye matatizo.

Uzito wa mizani usiwe kipimo chako cha kila siku. Maji na chumvi peke yake huubadilisha kilo moja au mbili. Pima kiuno mara moja kwa mwezi, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida. Kiwe chini ya nusu ya kimo chako: mwenye sentimita 170 asifike 85.

Vya kupima, na wakati wa kumwona daktari

Kabla ya kuanza mazoezi makali, muone daktari kama una ugonjwa wa moyo, kisukari, ujauzito wenye matatizo, au huzimia. Acha zoezi mara moja na utafute msaada wa haraka ukipata maumivu au mbano wa kifua, hasa unaoenda mkononi au kwenye taya, kukosa hewa kusikoendana na kazi unayofanya, au kuzimia. Huzuni, kukata tamaa au kupoteza hamu ya kila kitu kwa wiki mbili mfululizo ni sababu ya kwenda hospitali, kama vile homa isiyoshuka. Ukiwa na mawazo ya kujiua, usingoje wiki mbili. Zungumza na mtu leo.

Presha haina dalili kwa watu wengi, hivyo ipime angalau mara moja kwa mwaka, na uipime vizuri, maana kipimo kibaya kinaweza kupandisha namba bila sababu. Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga sakafu, miguu haijapishana. Mkono uwe mezani, kitambaa cha kipimo kikiwa usawa wa moyo na juu ya ngozi, si juu ya shati. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, uandike zote mbili. Zikifika 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine, na zikibaki hapo peleka karatasi yako kwa daktari. Zikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja, nenda hospitali saa hiyohiyo.